Namba Iliyoshuka

Katika gazeti lile, habari ya sayansi haikwenda mtamboni bila kupigwa alama ya kalamu ya kijani. Kalamu ya kijani ilikuwa moja, na mwenye kalamu alikuwa mmoja. Wenzake walimwita Mama Jedwali. Hakuwa na mtoto wa jina hilo. Jina lilitokana na swali lake. Ukimpelekea habari kwamba watafiti wamegundua jambo, hakuuliza ni watafiti gani wala jambo gani. Aliuliza, "Jedwali liko wapi?" Alikuwa na maana ya lile jedwali la namba lililo katikati ya ripoti ya utafiti, ambalo waandishi wengi hulivuka kama mtu anavyoruka dimbwi, wakaenda kutua kwenye hitimisho. Yeye aliamini kwamba hitimisho ni maneno ya mtu anayetaka kusifiwa, na jedwali ndiyo kazi aliyoifanya.

Imani hiyo haikuwahi kumtupa. Aliwahi kuizuia habari ya mzizi unaoponya kisukari ilhali imeshapangwa ukurasa wa kwanza na picha yake, kwa sababu jedwali lilionyesha kwamba walioponywa walikuwa panya. Mhariri wa habari alimnunia kwa siku nyingi. Gazeti shindani likaichapa, kisha likaomba radhi kwa herufi ndogo kama sisimizi, na Mama Jedwali akaikata radhi ile akaibandika ubavuni mwa kompyuta yake. Kila aliyepita aliisoma mwenyewe.

Halafu akaja Dakika Mbili.

Alikuwa kijana mrefu, mchangamfu, aliyetoka redioni alikokuwa akisoma matokeo ya mpira. Gazeti lilimchukua ili atengeneze video za mtandaoni, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa na hamu ya sayansi, akapewa sayansi. Wiki za mwanzo alivuta kiti akakaa ubavuni mwa Mama Jedwali, akimwita Dada, akiuliza kila kitu. Kwa nini wagonjwa wanagawanywa makundi mawili? Hii nyota ndogo juu ya namba ni ya nini? Mama Jedwali alimfundisha, tena kwa moyo mweupe, kwa sababu wakati huo hakuwa na la kuogopa kwake. Alimfundisha kusoma jedwali kuanzia chini, kwenye tanbihi, mahali watafiti wanapoficha aibu zao.

Kijana akahamia chumba cha kurekodia, akasimama mbele ya simu na kikombe cha maji, au kamba ya viatu, au machungwa mawili, na kwa dakika mbili akaeleza jambo ambalo Mama Jedwali angelieleza kwa nusu ukurasa. Watu wakamtazama kwa malaki. Walinzi wa mlangoni walimsalimia kwa maneno ya video yake ya jana. Ukurasa wa Mama Jedwali ulikuwa na wasomaji wake pia: alishuku ni wale waliotajwa ndani yake, na wale walioutumia kufungia vyombo wakihama nyumba.

Angeweza kuvumilia kama kijana angekuwa anaharibu. Kilichomkera ni kwamba hakuharibu vya kutosha. Kila video ilipotoka, Mama Jedwali aliitazama kwa sauti ya chini, kalamu mkononi, akitafuta kosa. Mara moja Dakika Mbili alisema virusi mahali palipohitaji bakteria, na Mama Jedwali aliishi kwa kosa lile mwezi mzima, alilitaja kwenye foleni ya chai, alilitaja kwenye ngazi, hata mwandishi wa michezo akamwambia, "Dada, bakteria wenyewe wameshasamehe." Akacheka na wenzake. Kijiba cha roho hakikutoka.

Mwaka ule Bosi, mhariri mkuu, mwanamke aliyesema machache na kuyakumbuka yote, alitangaza kwamba ukurasa wa sayansi na video za sayansi vitakuwa dawati moja, lenye mkuu mmoja. Angemtaja baada ya habari kubwa ya kikohozi kutoka. Chumba kizima kilijua majina ni mawili. Mama Jedwali alijua pia jambo ambalo hakulisema hata kwa mumewe: kiti hicho akikikosa, kalamu ya kijani itabaki mkononi mwake, lakini atakuwa anaitumia kwa amri ya kijana aliyemfundisha nyota ndogo ni ya nini.

Habari ya kikohozi ilikuwa yake. Hivyo ndivyo alivyoihesabu. Daktari mmoja wa mapafu alikuwa ametengeneza programu ya simu inayosikiliza mtu anavyokohoa, kisha inasema kama kikohozi ni cha kifua kikuu au la. Mama Jedwali alimfuata daktari yule tangu utafiti ulipokuwa kabati la simu zilizotumika na wanafunzi wawili waliochoka. Daktari alimwamini kiasi cha kumpa rasimu ya ripoti kabla haijapelekwa kwenye jarida la kisayansi, kwa ahadi kwamba hataichapa mpaka jarida litakapoitoa. Ahadi aliitunza. Rasimu aliisoma hadi akaikariri: kati ya wagonjwa mia wa kifua kikuu, simu iliwatambua tisini na moja. Tisini na moja ilikuwa namba yake, aliibeba kichwani kama mtu anavyobeba namba ya nyumba aliyozaliwa.

Basi jarida likaitoa ripoti siku ambayo yeye alikuwa amempeleka baba yake kliniki ya macho. Aliporudi kazini alikuta ubao wa mipango umeandikwa: Kikohozi, ukurasa na video, Dakika Mbili. Maandishi yalikuwa ya Bosi. Mama Jedwali alisimama mbele ya ubao ule kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kusoma maneno sita.

Jioni ile simu yake iliita. Aliona jina la Dakika Mbili, akaigeuza kifudifudi, akaifunika na mto wa kochi. Ikaita tena chini ya mto kama mdudu aliyenaswa. Amepewa habari, aliwaza, basi aibebe.

Baba yake alikuwa amekaa upande wa pili wa sebule, matone ya dawa yakimchuruzika mashavuni. Alikuwa mwalimu wa hesabu hadi alipostaafu, na kwa miaka mingi aliusoma kila ukurasa wa binti yake kwa kalamu nyekundu, akaurudisha na maoni pembeni. Sasa macho yalikuwa hayaoni tena herufi za gazeti. Alikuwa anasoma kwa masikio, na masikio yalikuwa yamempata Dakika Mbili. Wifi yake Mama Jedwali, dada wa mumewe, ambaye aliishi nao na kufanya kazi katika duka la dawa, ndiye aliyemfungulia mzee video zile, akamwongezea sauti hadi jirani asikie.

Jioni ile ilikuwa video ya zamani, ya chanjo na kikombe cha maji. Mzee alisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa taratibu.

"Huyu kijana wenu," alisema, "ni mwalimu."

Kinywani mwa mzee yule, neno hilo lilikuwa cheo. Profesa alimwita msomi, daktari alimwita fundi, waziri alimwita mtu mwenye gari. Mwalimu aliwaita wachache, wengi wao marehemu. Binti yake alikuwa amemwita mwangalifu, amemwita hodari, na mara moja, siku ya radhi ya panya, alimwita simba. Mwalimu hakuwahi kumwita.

"Na wewe wifi jitokeze kwenye video," wifi yake alimchokoza. "Hata dakika moja tu tukuone."

"Nikitokea mimi, wifi yangu, simu itajizima yenyewe kwa heshima."

Walicheka wote, na Mama Jedwali akacheka nao, kisha akaenda jikoni kuosha sufuria ambayo ilikuwa safi.

Kesho yake mchana habari ya kikohozi ilifika mezani pake kupigwa alama. Aliisoma sentensi ya kwanza akaona ni nzuri, na roho ikamuuma. Aliisoma ya pili. Katika ya tatu, Dakika Mbili aliandika kwamba kati ya wagonjwa mia, simu iliwatambua sabini na nne.

Kilichomjia Mama Jedwali kwanza, kabla ya hasira na kabla ya wajibu, kilikuwa raha. Ilimpanda kutoka tumboni kama joto la chai, naye hakujidanganya kwamba ni kitu kingine. Sabini na nne! Kijana amesikia vibaya kwenye simu, au amenakili safu ya pili badala ya ya kwanza, kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Na safari hii halikuwa neno moja kwenye video. Lilikuwa namba kuu ya habari kuu ya mwaka.

Kawaida yake, akikuta namba anayoitilia shaka, humwita mwandishi mezani na kumwuliza swali lake. Hiyo ilikuwa sheria aliyoitunga mwenyewe na kuwalazimisha wengine waifuate. Lakini ukimwita mtu na kumwuliza, unampa nafasi ya kurekebisha kimyakimya. Mama Jedwali aliuzungushia duara la kijani ule mstari, akaukunja ukurasa, akasubiri kikao cha jioni.

Kikao kilifanyika kwa kusimama, kuizunguka meza ya Bosi, kwa sababu Bosi aliamini kwamba watu wakikaa wanazaa maneno. Zamu ya sayansi ilipofika, Mama Jedwali aliutandaza ukurasa mezani.

"Huu hauwezi kwenda hivi, Bosi. Namba kubwa si sahihi."

"Ipi, Dada?" aliuliza Dakika Mbili, akainama kuangalia.

"Sabini na nne. Ni tisini na moja."

Kijana alijikuna shingo. Alisema hata yeye aliiona tisini na moja mahali fulani kwenye ripoti, ziko mbili, ndiyo maana alitaka kuuliza. Mama Jedwali hakumwacha amalize. Alisema ameufuata utafiti ule tangu mwenzake anasoma matokeo ya mpira, na kwamba katika sayansi hakuna sare. Watu walicheka. Mwandishi wa michezo alicheka kuliko wote, halafu akanyamaza ghafla alipomwona kijana anavyotazama viatu vyake.

Dakika Mbili hakubishana. Angebishana, mambo yangekwenda njia nyingine.

"Kama Dada anasema tisini na moja," alisema, "basi nimekosea mimi. Hayo majedwali ndiye aliyenifundisha kuyasoma."

Akateremka kwenda kurekodi video upya. Mpanga kurasa akabadilisha kichwa cha habari. Bosi alimtazama Mama Jedwali, akaitikia kwa kichwa mara moja tu, na kila aliyekuwepo alielewa kule kuitikia kulimaanisha nini. Mwandishi wa michezo alimnong'oneza pongezi mlangoni. Mama Jedwali alirudi mezani akitembea kama mtu aliyevaa viatu vipya, akijitahidi visionekane.

Ilibaki kazi ndogo. Chini ya kila habari ya sayansi aliweka mstari mmoja wa chanzo: jina la jarida, na namba ya jedwali ambalo habari ilitoka. Ilikuwa desturi yake mwenyewe; hapakuwa na msomaji aliyewahi kuuandikia barua mstari ule. Kwenye rasimu lilikuwa jedwali la tatu, lakini majarida hupanga upya, kwa hiyo aliifungua ripoti yenyewe, ile iliyochapishwa, ili anakili namba. Ndiyo mara yake ya kwanza kuifungua.

Lilikuwa jedwali la pili. Na ndani yake paliandikwa sabini na nne.

Alifanya alichokuwa akiwacheka wengine kwa kukifanya: aliufunga ukurasa akaufungua tena, kama vile namba ingeona aibu na kubadilika. Aliangalia jina la utafiti. Aliangalia jina la daktari. Kisha akashuka kwenye tanbihi, kule alikomfundisha kijana aanzie, na maelezo yote yalikuwepo, mafupi na ya wazi. Wahakiki wa jarida waligundua kwamba baadhi ya wagonjwa walikuwa wamerekodiwa zaidi ya mara moja. Vikohozi vyao vya kwanza vilitumika kuifundisha simu, na vya pili vilitumika kuipima. Simu haikuwa inatambua ugonjwa tu. Ilikuwa inawatambua watu iliokwisha kuwasikia. Wagonjwa hao walipoondolewa, namba ikashuka. Ile ya zamani, tisini na moja, ilikuwa imehamishiwa kwenye kiambatisho mwishoni, kwa uaminifu, ili kila mtu aone kilichobadilika.

Zilikuwa mbili kweli. Kijana alikuwa ameziona zote mbili. Kati ya wao wawili, asiyeisoma ripoti alikuwa Mama Jedwali.

Kwa dakika chache Mama Jedwali alikaa kitako na kuyapanga mambo kama anavyopanga ushahidi. Jina lililo juu ya habari ni la Dakika Mbili. Msomaji haioni kalamu ya kijani. Kosa likigunduliwa, litagunduliwa baada ya wiki kadhaa, na dawati litakuwa limeshapata mkuu. Akiulizwa, atasema gazeti lilitumia toleo la awali, na hilo litakuwa kweli, kwa kiasi fulani. Palikuwa na njia nyingine, ya upole zaidi: amwambie kijana kwamba daktari amepiga simu sasa hivi na kuibadilisha namba. Uongo mdogo, usiomdhuru mtu. Aliutunga wote kichwani, akauhariri, akaufupisha. Ulikuwa mzuri, na ungepita.

Ila alikuwa ameshaanza hesabu ya kutoa, na kutoa hakukuhitaji ruhusa yake. Mia ukiondoa tisini na moja ni tisa. Mia ukiondoa sabini na nne ni ishirini na sita. Hao ni wagonjwa ambao simu itawaambia hawana kitu, warudi nyumbani wakawakoholee watoto wao. Gazeti lingesema ni tisa. Kumi na saba wangepotea katikati ya kichwa cha habari na jedwali. Mama Jedwali hakuwa mtu wa kulia kwa ajili ya watu asiowajua, na hakulia kwa ajili ya kumi na saba hao. Ni kwamba hakuwahi maishani mwake kuipita namba iliyopotea na kuiacha hapo ilipo. Hata alipojaribu, mguu haukwenda.

Akamwambia mpanga kurasa ausimamishe ukurasa, akateremka.

Chumba cha kurekodia kilikuwa zamani stoo ya karatasi. Kutani walikuwa wamegongomea magodoro ili sauti isivume. Dakika Mbili alikuwa anakunja waya. Video ilikuwa imeshatoka, na kwenye kioo cha simu idadi ya watazamaji ilikuwa inapanda.

"Iondoe," alisema Mama Jedwali.

"Nini tena, Dada?"

"Iondoe kwanza, kisha nikueleze."

Akaiondoa. Mama Jedwali alimweleza akiwa amesimama, kwa mpangilio, bila kupamba: rasimu, jarida, wahakiki, vikohozi viwili, sabini na nne. Alisema wewe ulikuwa sahihi na mimi sikuwa nimesoma. Kijana alisikiliza mkono ukiwa bado umeshika waya.

"Ndiyo sababu nilikupigia jana," alisema mwishowe. "Niliziona mbili nikachanganyikiwa. Nikasema Dada atajua kwa nini imeshuka. Lakini nilijua una mgonjwa, mzee alikuwa kliniki."

Hapo alikuwa amefunguliwa mlango wa kutokea, tena na mtu mwenyewe aliyemkosea. Alichotakiwa ni kuitikia tu. Mama Jedwali aliutazama mlango ule, akaona jinsi ulivyo mpana, na akamchukia kidogo kijana kwa kuufungua kirahisi hivyo.

"Tulikuwa tumesharudi nyumbani," alisema. "Niliona jina lako. Sikutaka kupokea."

Dakika Mbili alimtazama. Kisha akauweka waya chini.

"Kumbe," alisema.

Neno hilo tu. Mama Jedwali angependelea matusi.

Walipanda kwa Bosi pamoja. Bosi alisikiliza bila kuinua macho kutoka kwenye karatasi zake, kisha akauliza nani aliyeibadilisha namba. Kijana akaanza kusema sisi. Mama Jedwali akamkata na kusema ni mimi. Bosi alitoa amri fupi: ukurasa usubiri, habari iandikwe upya, na kushuka kwa namba ndiko kuwe habari yenyewe, kwa sababu msomaji ana haki ya kujua kwamba sayansi hujisahihisha, na magazeti pia, yakipata nafasi.

Wakaandika pamoja, vichwa viwili mbele ya kioo kimoja, kama wiki zile za mwanzo. Maelezo ya vikohozi viwili yaliwakwamisha. Mama Jedwali aliyaandika kwa usahihi kamili, aya nzima, na hata yeye alipoisoma tena alihisi kope zinashuka. Dakika Mbili alifuta bila kuuliza, akaandika: ni kama mwalimu aliyetoa mtihani kwa maswali yaleyale ya zoezi la jana, darasa zima likafaulu, na hakuna anayejua nani ameelewa.

Mama Jedwali aliisoma sentensi ile. Aliitafutia ufa. Alijiuliza kama inapotosha, kama inatia chumvi, kama mtafiti angeikataa. Haikuwa na ufa. Tena ilimuuma mahali pasipo na dawa, kwa sababu alizaliwa katika nyumba ya mwalimu wa hesabu, amelelewa na mitihani na mazoezi mezani, na mfano ule ulikuwa umekaa chini ya pua yake miaka yote, ukimngoja kijana wa redioni aje auokote. Akaipigia alama ya kijani. Wino ulichora vizuri tu.

Bosi aliwaita baada ya ukurasa kwenda. Alisema dawati litaongozwa na Dakika Mbili, na kwamba kuanzia sasa video pia hazitatoka bila kalamu ya kijani. Kijana alifungua mdomo, Bosi akamwonyesha mlango kwa upole. Alipobaki na Mama Jedwali, alisema aliyokuwa ameyaweka.

"Namba ningekusamehe. Mimi nimekosea namba kubwa kuliko hiyo. Lakini watu wote humu ndani umewauliza jedwali liko wapi, hata mimi uliwahi kuniuliza mbele ya wageni. Huyu hukumwuliza."

Mama Jedwali alisema ni kweli. Hakupenda maneno ya ziada, hata siku ile.

Nyumbani alimkuta wifi yake amekwisha kumfungulia mzee video mpya. Ya kwanza walikuwa wameiona pia kabla haijaondolewa, na wifi aliwahi kuituma kwenye kikundi cha familia, kwa hiyo shangazi na binamu walikuwa wanabishana huko tisini na moja imekwenda wapi. Kwenye video mpya Dakika Mbili alisimama bila kikombe wala chungwa. Alisema mapema leo tuliwapa namba ya zamani, ni kosa letu, sasa hii ndiyo sahihi na hii ndiyo sababu imeshuka. Kisha akatoa mfano wa mtihani.

Kosa letu. Mama Jedwali alikuwa amesimama mlangoni na mkoba begani. Hata kukosea kijana alikuwa anajua kukosea vizuri kuliko yeye, tena kosa lisilo lake.

Mzee aligeuza uso kuelekea sauti ya viatu.

"Nani kakosea hapo, mwanangu?"

"Mimi, Baba."

"Na nani kaligundua?"

"Mimi."

Mzee alifikiri kidogo, akaitikia kwa kichwa, kama alivyokuwa akiitikia zamani mwanafunzi aliyepata jibu baya akalifuta mwenyewe kabla ya kukusanya daftari. Mama Jedwali alingoja. Alijua hapaswi kungoja chochote, na akangoja.

"Lakini huo mfano wa mtihani," alisema mzee, akitabasamu kuelekea kwenye simu, "nilitafuta mfano kama huo miaka thelathini darasani. Huyo ni mwalimu, nakwambia."

Wifi yake alitaka kusema jambo la kuchekesha, akamwona uso, akaacha.

Mama Jedwali aliomba simu, akatoka nayo barazani. Alivuta kiti cha plastiki, akakaa, akaitoa kalamu ya kijani kwenye mkoba. Sasa ilikuwa kazi yake rasmi, kwa amri ya Bosi. Hakuna aliyeweza kumwuliza anatafuta nini. Aliipunguza sauti. Aliitazama video tangu mwanzo hadi mwisho, neno kwa neno, namba kwa namba, na haikuwa na kosa.

Akairudisha mwanzo, akaitazama tena.